Kunguni wa Paskalia

Paskalia alipita nyumba kumi na moja akiomba kunguni. Alibeba kibuyu kidogo chenye kizibo cha gunzi, na kila alipoingia aliomba ruhusa ya kugonga vitanda. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliwaambia ni dawa ya kikohozi cha mumewe, Severini, nao wakampa kwa moyo mweupe, maana mali hiyo haina mchoyo.

Jioni alikimwaga kibuyu chote katika kamba za kitanda alichokuwa akilalia askari Stambuli.

Askari huyo alikuwa na siku tatu nyumbani kwao. Vita vya Wadachi na Waingereza vilikuwa vinasogea Morogoro, na serikali ilitaka wapagazi kumi kutoka kijiji hiki cha mlimani, wapeleke mizigo Kisaki. Tisa walikwisha patikana, wamekaa uani kwa jumbe, mkuu wa kijiji, na kamba shingoni. Stambuli alikuwa anamngoja wa kumi, na jumbe alimchagulia mahali pa kulala: nyumba ya Severini, kwa kuwa ndiyo kubwa.

Heri angechagua nyingine yoyote. Darini, nyuma ya mahindi, Severini na Paskalia walikuwa wamemficha Alois, mtoto wao wa pekee, mwenye miaka kumi na sita. Watu waliambiwa amekwenda Turiani kuuza tumbaku.

Severini mwenyewe hakuwa na hofu ya kuchukuliwa. Alikwisha beba mzigo mpaka Kisaki, akarudi na cheti kwamba asiguswe tena. Alirudi pia na kifua kibovu na nyayo zilizochanika, akasema anayekwenda safari ya pili harudi.

Aliyemtisha kuliko askari alikuwa jumbe, Kasiani, kaka yake Paskalia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo neno. Kasiani akisema Alois aende, baba hana pa kusemea. Kwa hiyo mjomba naye alipewa habari ile ile ya Turiani. Aliitikia kwa kichwa, hakuuliza zaidi.

Siku askari alipofika, Kasiani aliwatuma mume na mke mtoni wakachukue mizigo ya mgeni huyo. Waliporudi walimkuta Stambuli amekwisha jinyoosha kitandani, na tangu hapo hakutoka ila kwenda haja nyuma ya ukuta, ambako angesikia neno lolote. Hawakuweza kumwita mtoto hata kwa mnong'ono. Askari akitoka hivyo, Paskalia alikuwa akipenyeza muhogo wa kuchoma darini kwa ufito, na kila asubuhi muhogo ulikuwa umeliwa. Basi alijifariji kwa hilo.

Asubuhi ya nne Stambuli alitoka nje na mabaka mwili mzima, anajikuna kwa mpini wa kisu. Paskalia alishukuru kimoyomoyo. Alijua sasa atahamia kwingine. Lakini askari hakuwa mtu wa kukimbizwa na wadudu. Alimwita jumbe na kuamuru nyumba isafishwe, na Kasiani akasema dawa ya kunguni anaijua: pilipili kavu na majani mabichi juu ya makaa, mlango ufungwe mpaka adhuhuri.

"Adhuhuri ni mbali mno, kaka," Paskalia alisema. "Tumwage maji ya moto kitandani, yanatosha."

"Kunguni wanapanda mpaka darini," Kasiani alisema, akimtazama Severini. "Kuna kitu chenu humo kisichostahimili moshi, shemeji?"

Severini alisema hakuna.

Moto ukawashwa. Kasiani aliufunga mlango kwa mkono wake, akaziba nyufa kwa majani ya mgomba. Moshi ulianza kupenya kwenye nyasi za paa, na hata waliosimama mbali wakakohoa. Severini alitega sikio. Mtoto akikohoa, askari atamsikia, na asipokohoa ndiyo basi tena. Hakupata kuogopa hivyo hata njiani Kisaki. Paskalia alikuwa amejing'ata kidole mpaka damu, akimsihi mumewe kwa macho afanye jambo, lolote.

Severini alitoa cheti mkobani, akamsogelea Stambuli, akakichana mbele yake.

"Wa kumi ni mimi," alisema. "Twende sasa hivi, kabla sijabadili nia."

Askari hakuwa na la kuuliza, maana idadi imetimia. Alimfunga kamba, wakashika njia ya bondeni, wawapitie wenzake kwa jumbe. Severini aligeuka mara moja tu, akamwonyesha mkewe mlango kwa kidevu.

Walipopotea kwenye kona, Paskalia aliusukuma mlango kwa bega. Aliingia amejifunika uso kwa kaniki, akapanda juu huku akiliita jina la mwanawe. Aliyapapasa mahindi, akayatupa chini, hindi baada ya hindi, panya wakitawanyika miguuni pake.

"Shuka, utajiua bure," Kasiani alimwambia kutoka mlangoni. "Alois nilimtoa siku ile mlipokwenda mtoni. Yuko Matombo kwa mama mdogo."

Paskalia alishuka, machozi na kamasi vimemjaa usoni. Aliuliza kwa nini basi hakumwambia Severini.

"Alitakiwa mtu mmoja, na mwenye cheti hachukuliwi ila kwa hiari yake," Kasiani alisema. "Mtoto ni wetu, Paskalia. Yule alikuja kuoa tu."