Unga Usioijali Sumaku

Jumapili hiyo sumaku ya Muzee Bisimwa haikuvuta kitu.

Aliizungusha nje ya glasi yenye maji na matone ya damu, akaomba kwa sauti, akaizungusha tena. Unga mweusi ulibaki chini, umetulia tuli. Waumini waliojaa chumba chake cha maombi huko Kasha walianza kunong'onezana. Walizoea kuuona ukipanda kwenye kioo kuifuata sumaku, naye akitangaza kwamba malaria imetoka.

"Iko mutu hapa mwenye mashaka!" alifoka.

Alikuwepo kweli. Carine alikaa benchi la nyuma, mkobani ana taa ndogo ya zambarau, ile ya kukagulia dola bandia. Mbele, kwenye kiti cha wagonjwa, alijikunja mama yake, Maman Colombe. Damu ya kwenye glasi ilikuwa yake. Kila Jumapili yeye ndiye aliyeitwa wa kwanza, akashuhudia kwamba amepona, na katikati ya juma homa ikarudi.

"Maman, unywe dawa," Carine alikuwa akimsihi nyumbani kwao Muhumba.

"Dawa ya nini? Muzee ananitoshaka malaria yote mwilini na sumaku."

Kila alipompeleka kupima, damu ilitoka safi. Mama alicheka. Carine alidhani wamekosea siku ya kupima, akazidi kuogopa. Aliona kabisa huyu tapeli atamuulia mama yake.

Unga ule aliujua vizuri, maana yeye, mkemia wa chuo, ndiye aliyekuwa akiutengeneza. Kijidudu cha malaria kikila damu hubaki na sumu yenye chuma. Kisipoifanyia kitu kitakufa, basi huunganisha molekuli zake mbili mbili na kuzipanga hadi ziwe fuwele nyeusi. Carine aliunda fuwele zilezile bila kijidudu wala mgonjwa, ili azijaribie dawa mpya. Na chuma kile ndicho kinachofuata sumaku kali.

Kwa hiyo chupa yake ilipoanza kupungua, hakuhitaji kuambiwa unga unakwenda wapi. Alimshuku Gentil, fundi wa maabara, anayesali kwa Bisimwa. Nani mwingine? Hakuna mgeni anayeingia mle maabarani, isipokuwa mama, aliyepanda chuoni kila adhuhuri hata akiwa na homa kumletea bugali na visamaki vya sambaza, kisha akamngoja mle ndani amalize darasa ili arudi na bakuli. Mama wa namna hiyo utampata wapi!

Ijumaa Carine aliweka mtego. Aliondoa chupa, akaweka nyingine yenye fuwele za mpangilio uleule, ila katikati ya kila molekuli, mahali pa chuma, alitia metali iitwayo galiamu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini unga huu hauijali sumaku, na ukimulikwa na taa ya dola unawaka mwekundu.

Sasa, mbele ya waumini, alisimama.

"Mufunge madirisha. Muzee, leta mikono."

Carine aliwasha taa, na Bisimwa akachelewa kuificha. Vidole vyake viliwaka vyekundu, na chumba kizima kikapiga kelele. Carine alimgeukia Gentil, aliyekaa miongoni mwa waumini.

"Na wewe."

"Mie sijue kitu, Docteur. Mulika hata mifuko."

Alimulika mikono, mifuko, hata kurasa za Biblia yake. Giza tupu. Gentil alifunga Biblia yake, na Carine akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto. Wiki nzima alikuwa hata hamsalimii.

Basi, yatosha. La muhimu mama ameona kwa macho yake, na jioni hii atameza dawa. Alimwendea amwinue, taa bado inawaka mkononi.

"Twende, Maman. Huyu mutu alikudanganya."

Kwenye ncha ya kitenge cha mama, katika lile fundo ambamo siku zote alifungia vitu asivyotaka vionekane, palikuwa pakiwaka pekundu kama kaa la moto. Na yeye, ambaye asubuhi ile alishikwa mkono ili aweze kupanda ngazi, alisimama wima, akalifunika fundo kwa kiganja, na kiganja nacho kikawaka.