Bibi Gunnvor na Maana ya Dugnad

Gunnvor alishawatimua wasaidizi watatu wa halmashauri kabla theluji haijaisha: wa kwanza kwa ulimi, wa pili kwa ufagio, wa tatu kwa vyote viwili. Halmashauri ikamwandikia barua. Akimkataa na wa nne, atahamishiwa nyumba ya wazee, apende asipende. Miaka themanini na tisa, moyo mbovu, lakini kiburi, mashaallah, kizima kabisa.

Siku aliyokuwa akimsubiri huyo wa nne ili amtoe mbio, akabisha hodi mtafiti wa maneno, jina lake Eilev, daftari mkononi.

"Nachunguza neno dugnad, bibi. Vitabu vinasema ni neno la kale sana, maana yake msaada."

"Msaada!" Gunnvor alicheka hadi akakohoa. "Vitabu hivyo vimeandikwa na watu wasiowahi kushika shoka. Msaada ni wa wagonjwa! Dugnad ni majirani wanakuja, wanapiga kazi, wanakula, wanakwenda zao. Hakuna malipo, hakuna kunyenyekeana."

"Bado sijaelewa."

"Utaelewa wapi, na mikono laini hiyo? Njoo huku."

Akamsimamia apasue kuni, huku akimkejeli kila pigo. Kesho yake Eilev akarudi. Msomi mzima, hajaelewa! Basi akafunzwa dugnad ya kuondoa theluji mlangoni, ya kusugua sakafu, hata ya kubadili mashuka. Na kwa kuwa dugnad bila uji wa krimu ni kibarua tu, Gunnvor ilimbidi apike. Na kwa kuwa mgeni haachwi ale peke yake, naye akala.

"Na dawa, bibi, zamani mlimeza kabla ya uji au baada?" Eilev aliuliza, kalamu tayari.

"Kabla, mjinga wewe. Tazama." Akameza zake zote.

Wiki sita zikapita hivyo. Gunnvor alimhurumia kwa dhati. Maskini mtoto wa watu, kwa kichwa kizito vile kazi ataiweza kweli? Na yule msaidizi wa nne hata pua hakuonyesha. Gunnvor akajipongeza: halmashauri imesalimu amri.

Ijumaa alasiri Eilev aliingia garini, akafungua daftari, akaiandikia halmashauri ripoti yake:

"Dawa amemeza. Amekula vizuri. Mashuka safi. Asihamishwe: wiki ijayo ananifunza kupaka rangi ghala."