Tela Lililotangulia Ukweni

"Arnold," nilimwambia mpwa wangu, "kuna mtu anatupita."

Lilikuwa tela letu wenyewe.

Asubuhi, pale Ngaramtoni, nilimkuta akilifunga nyuma ya kigari chake chekundu cha mbio, kilicholala chini kama kenge aliyeshiba. Pini ilikuwa imepotea, naye akachomeka bisibisi.

"Mjomba, hii ni turbo," alijibu nilipomkanya. Turbo! Kana kwamba mbio za mbele hushika kitu cha nyuma.

Juu ya tela ilikuwepo pikipiki mpya ya mahari. Baba mkwe kule Oldonyo Sambu alishasema: mahari isipofika leo, binti haolewi. Na kwao muoaji huitwa kwa alichotoa. Aliyemuoa dada mtu alitoa dume la ng'ombe, na hadi leo huitwa Pakiteng, kwani kiteng kwao ni ng'ombe.

Basi tela likatupita mteremkoni kwa madaha, lilibakiza kupiga honi tu. Kwenye kona pikipiki ikarukia mtaroni, ikawa chapati. Tela tupu likanyoosha, likakata kulia lenyewe, likasimama miguuni pa mzee aliyekuwa akitungoja na fimbo yake.

Tulipofika alikuwa akilizunguka, akibonyeza matairi kama mtu anayepima nundu mnadani.

"Shikamoo, baba," Arnold alisema, jasho likimtiririka.

Mzee alitazama tela, akatazama kile kigari, akatema mate pembeni.

"Marahaba," alisema, akimpa mkono. "Karibu nyumbani, Patela."