Maziwa ya Gizani

Mwiko ulimtoka Mahfoudha mkononi, ukazama ndani ya masala ya biriani.

"Ghala gani ulilosema, Bi Shaikha?"

"Ghala la karafuu la Mchangani, kule Unguja," alijibu Bi Shaikha, mama wa bwana harusi, huku akichambua zabibu. "Wakati wa vita, mwenzangu. King'ora kikilia tunakimbilia humo na vitoto vyetu. Nlikaa mtaa ule miezi miwili tu, kwa shangazi yangu. Huyu Thani anayeoa leo alikuwa hajaota hata jino."

Akaendelea na zabibu zake.

Akdi ya ndoa ilikuwa baada ya laasiri. Kadhi keshaitwa, majlisi ya wageni imeshatandikwa, na watu wote wa Unguja waliohamia Maskati miaka minne nyuma walikuwa wanajitia udi ili waje. Mahbuba, binti yake mdogo, yumo chumbani anatiwa hina na kuchekacheka. Muhsina, binti mkubwa, mwenye mimba ya tatu, anamshikia mguu. Mume wa Muhsina, Ishaq, katoka tangu alfajiri kutafuta mbuzi wa pili. Huyo alikuwa mkwe wa kupigiwa mfano. Miaka mitano ya ndoa hajamnyanyulia mkewe sauti, na Mahfoudha alimwomba Mungu ampe na Mahbuba mume kama yule.

Ila Mahfoudha alikuwa na jambo, nalo kalificha miaka ishirini na nne.

Mwaka 1944 mumewe, Bakhit, alikuwa Burma akiendesha lori la jeshi. Barua zake zilifika zimejaa matundu. Wakubwa walikata kwa mkasi kila neno walilolitilia shaka, zikabaki salamu. Nyumbani mchele ulikuwa wa kadi, mafuta ya taa ya kupimiwa kwa kikombe, na kila wiki habari ya meli nyengine iliyozamishwa na Wajapani. Mahfoudha alikuwa na miaka kumi na tisa na mtoto mchanga, huyo Muhsina, na aliogopa kubaki mjane.

Usiku mmoja king'ora kilipolia, watoto walilazwa ghalani juu ya mkeka mmoja. Taa marufuku. Kitoto kimoja kikaangua kilio cha njaa. Mahfoudha akapapasa, akakipakata, akakinyonyesha mpaka kikanyamaza. Aliponyoosha mkono avute mtandio, akamgusa Muhsina, kalala fofofo ubavuni pake.

Alikirudisha mkekani, akafunga mdomo. Angemwambia nani? Mtu hagawi maziwa yake bila ya idhini ya mume, na mume yuko Burma, na mama mkwe yule angemla nyama. Kesho yake alfajiri akatoka ghalani kabla ya wenzake, hata asijue kamnyonyesha mtoto wa nani.

Na katika madhehebu yao ya Kiibadhi hata tone moja linatosha. Likishafika tumboni, mtoto yule keshakuwa mwanao, na wanao ni nduguze. Ndugu hawaoani.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Mahfoudha akamshika Shaikha mkono, akamwingiza stoo na kufunga mlango. Akamweleza yote.

"Kama alikuwa Thani, akdi haifungwi. Bora tufedheheke leo kuliko wanetu waishi katika haramu. Niambie kweli, Bi Shaikha, nnakuomba."

Shaikha akashusha pumzi, akacheka.

"Astaghfirullah, umenitisha. Thani hakulazwa mkekani hata siku moja. Nlikuwa nkimfunga kifuani kwa kanga, nkihofu nisije nkakimbia na mtoto wa mtu. Wallahi tena, nnaapa kwa aliyeniumba."

Mahfoudha alikaa juu ya gunia la mchele, akalia kwa furaha. Miaka yote ile kumbe alijitesa bure. Atamwoza mwanawe na roho yake nyeupe.

"Lakini usiku wenyewe nnaukumbuka," alisema Shaikha, akimpangusa machozi. "Kulikuwa na bibi kaja na mjukuu wake, mamake kafa na uzazi. Mtoto hataki chupa, analia kutwa kucha. Asubuhi bibi kamkuta kashiba, maziwa yamemkaukia shavuni. Akauliza nani kamfanyia hisani ile, hapana aliyejibu. Basi akamwombea dua huyo mtu, mpaka sote tukatokwa na machozi."

"Masikini. Bibi gani huyo?"

"Bi Sayyida, wa Kokoni. Ulipata kumjua?"

Mahfoudha alimjua. Ndiye aliyekuja kumposa Muhsina kwa ajili ya mjukuu wake, Ishaq.