Bei Mbili za Ngozi

Batula, karani wa kampuni ya ngozi pale Isiolo, alifungua bahasha iliyotoka Uswisi na kukuta ankara ambayo hakupaswa kuiona.

Zilikuwa zilezile ngozi za mbuzi alizoziandikia ankara yeye mwenyewe, shilingi mbili kila moja, zikiuzwa kwa kampuni ya Uswisi ya tajiri yuleyule mwenye kampuni ya Isiolo. Kampuni hiyo nayo ilikuwa imeziuza Italia kwa shilingi thelathini.

Aliisoma tena. Wino wa kaboni ulikuwa umemganda kwenye kucha. Miaka mitatu amepiga taipu neno "hasara", na miaka mitatu serikali haijapata kodi. Mwaka jana mtoto wa dada yake alifia Kinna, mlangoni pa zahanati isiyo na dawa.

Meneja alichungulia. "Mtu wa kodi amefika. Mpe chai, umwambie tumepata hasara tena."

"Nimwambie mimi?"

"Si wewe ni mtu wa hapa? Wewe atakuamini."

Batula alichukua ankara zote mbili, nakala ya ile aliyoiandika na ile ya Uswisi, akamwendea afisa wa kodi, akaziweka mbele yake.

"Salaam aleikum, mzee. Ngozi ni hizohizo. Soma bei."