Sikio la Mgombea

Siku hizo, kila aliyegombea uongozi wa chama cha wachezaji gofu wa kulipwa alibandikiwa sikio ukutani nyumbani kwake, ili wanachama wasikilize anavyoishi na watu wake. Gitonga, aliyekuwa akifundisha gofu Nanyuki, aliwania uenyekiti, na sikio lake likabandikwa jikoni, jeusi, dogo kama kifungo cha koti.

Mwanzoni mkewe, Makena, alilitania. "Wanachama, huyu mtu wenu hata sufuria hajui kuosha." Watu walicheka huko walikokuwa, na Gitonga akazidi kupendwa.

Ikafika siku ya kumkumbuka binti yao, Kendi, waliyemzika mwaka uliotangulia. Makena alikuwa akimenya viazi, mara akaweka kisu chini.

"Baba Kendi, leo asubuhi nimemtilia uji kwenye kikombe chake. Nimesahau."

Gitonga alilitazama sikio kabla ya kumtazama mkewe. Akalainisha sauti.

"Pole sana, mke wangu. Ndiyo maana mkinichagua, familia ya kila mchezaji itapata bima ya matibabu."

Makena akaokota kisu, akaendelea kumenya.

Uchaguzi ulipita, Gitonga akashindwa. Fundi alibandua sikio, pakabaki duara jeupe ukutani. Gitonga akafunga mlango, akaketi karibu na mkewe.

"Mama Kendi, hakuna anayetusikiliza sasa. Niambie habari ya kile kikombe."

Akamgeukia, akangoja kama mtu anayemwachia mwenzake apige mpira.

Makena alilitazama lile duara. Akalainisha sauti.

"Asante kwa kuuliza. Hapa nyumbani hatuna shida yoyote."