Mlango Aliouziba Mnana

Siku ilianza kama nyingine: mke wa Mnana alivuta jani moja la kiota, akasema, "Mume wangu, hapa pamelegea." Kabla ya adhuhuri mwewe alikwisha kumchukua.

Mnana alibaki na makinda wawili, na mvua za masika zilikuwa karibu. Akasuka siku tatu bila kupumzika, kiota kiwe kinene kisipenyeze maji. Mdomo wake ulisuka wenyewe, akili haipo.

"Bwana Mnana, umelala?" akauliza Chiriku, jirani yake.

"Aliyelala husuka? Yatazame macho yangu, kisha funga domo lako!"

Chiriku akanyamaza, mpaka aliposikia vilio hafifu. "Wanao wako wapi?"

"Ndani."

"Ndani kwa kupitia wapi? Kiota hakina mlango!"

Wakakipasua pamoja. Makinda wakatoka wakitweta, wazima.

"Nani ameuziba?" akauliza Mnana.

"Wewe, huku macho umeyakodoa."

Mnana akajaribu kulikumbuka hata jani moja la pale mlangoni, asiweze.

Asubuhi yake, kabla hajagusa kazi, alimwendea Chiriku. "Jirani, leo usininyamazie. Niulize kila mara ninasuka nini. Nisipojibu, nidonoe."